Kwa nini miksa za vifundo ziliondoka vilabuni

UKIINGIA katika ukumbi wa burudani mjini Kisii, Keroka au Nyamira Ijumaa jioni, yamkini utamkuta mcheza santuri ameinamia kipakatalishi na kifaa bapa kilichojaa taa ndogo ndogo. Jina la kazi yake limebaki lile lile ingawa santuri zenyewe hazipo tena.

Kifaa kinachomwezesha kuunganisha wimbo mmoja na mwingine pasipo kimya kuingia katikati huitwa kichanganyio cha sauti, au miksa kama wengi wanavyokiita. Miksa za siku hizi huendeshwa zaidi kwa vitelezi, yaani vishikizo vidogo vinavyosukumwa juu na chini au kushoto na kulia.

Vijana wengi wanaojifunza kazi hii hawajui kwamba kuna wakati ambapo miksa zilizoheshimiwa zaidi katika vilabu vikubwa vya Marekani hazikuwa na kitelezi hata kimoja. Ziliendeshwa kwa vifundo vya duara vya kuzungusha, mfano wa kile cha kupandishia sauti katika redio za zamani.

Miksa hizo zilisifiwa kwa sauti safi na uimara. Hata hivyo, ziliondoka katika matumizi ya kila siku. Makala haya yanaeleza sababu zake, na kwa nini kisa hicho kina funzo kwa jamii ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, ambako muziki wa vizazi viwili umehifadhiwa katika vifaa vinavyozidi kutoweka.

KAZI YA MIKSA

Miksa hupokea sauti kutoka mashine mbili au zaidi, kisha humwezesha mchezaji kuamua kiasi cha kila sauti kitakachofika kwenye spika. Aidha, humpa nafasi ya kusikiliza wimbo unaofuata kupitia visikizi vya masikioni kabla ya hadhira kuusikia.

Katika miksa ya vifundo, kila mashine ina kifundo chake. Mchezaji akitaka kuleta wimbo mpya, hukizungusha kifundo kimoja polepole kuelekea kulia huku akikirudisha kingine kushoto.

Kifundo husafiri karibu robo tatu ya mduara au zaidi kidogo, na ncha za vidole huhisi kila hatua. Kitelezi cha kawaida husafiri takriban sentimita 4 hadi 6 pekee. Kwa sababu hiyo, kifundo kipana humpa mchezaji udhibiti wa taratibu zaidi, nacho kitelezi humpa kasi.

Tofauti hiyo ya utaratibu na kasi ndiyo iliyokuja kuamua hatima ya vifaa hivi.

ASILI YAKE

Chimbuko la miksa za vifundo za vilabuni ni jiji la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo disko zilikuwa zikienea, lakini wachezaji wengi walitegemea mitambo iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani au ya vituo vya redio.

Fundi wa sauti Alex Rosner alitengeneza mojawapo ya miksa za kwanza za stereo kwa ajili ya klabu iliyoitwa Haven. Baadaye kampuni ya Rudy Bozak wa jimbo la Connecticut, ambaye tayari alikuwa na sifa ya kuunda spika bora, ilileta sokoni miksa ya CMA-10-2DL. Kifaa hicho kikawa kipimo cha ubora katika disko za Marekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya UREI ya California ikatoa miksa iliyoitwa 1620, ambayo ilifuata kwa karibu mpangilio wa Bozak.

Klabu iliyovipa vifaa hivi umaarufu ni Paradise Garage ya New York, iliyodumu kuanzia 1977 hadi 1987. Mchezaji wake mkuu alikuwa Larry Levan, na mitambo ya sauti ilikuwa kazi ya fundi Richard Long.

Levan na wenzake walikuwa wakicheza usiku kucha mbele ya hadhira moja, katika ukumbi mmoja na kwa mitambo isiyohamishwa. Waliweza kuchukua dakika nzima au zaidi kuingiza wimbo mmoja ndani ya mwingine. Kwa kazi ya aina hiyo, kifundo kilikuwa chombo kilichofaa kabisa.

MABADILIKO YA MIKONO

Sababu ya kwanza ya kuondoka kwa vifundo haikuhusu ubora wa sauti. Ilihusu namna mpya ya kucheza.

Katika mtaa wa Bronx, New York, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, vijana wa hip-hop walikuwa wakijenga sanaa tofauti. Grandmaster Flash alikuwa akirudia kipande kifupi cha wimbo mara nyingi kwa kutumia santuri mbili zinazofanana. Grand Wizzard Theodore naye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kukwaruza santuri ili itoe mlio kama ala.

Mitindo hiyo ilihitaji sauti ikatwe na kurejeshwa kufumba na kufumbua. Mtu hawezi kuzungusha vifundo viwili kwa kasi hiyo huku mkono wake mwingine ukiwa juu ya santuri.

Kilichohitajika ni kitelezi kimoja cha kulala, kinachotoka santuri ya kushoto hadi ya kulia kwa msukumo wa kidole. Miksa zenye kitelezi hicho zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Miksa ya UREI 1620 haikuwa nacho.

Sababu ya pili ni marekebisho ya sauti. Katika UREI 1620, besi na sauti nyembamba zilirekebishwa kwa muziki wote kwa pamoja. Aliyetaka kuondoa besi ya wimbo mmoja na kuacha ya mwingine hakuwa na njia ndani ya kifaa chenyewe. Mafundi kama Long walilazimika kuunda sanduku la ziada la kutenganisha besi, sauti za kati na sauti nyembamba.

Miksa zilizofuata zilimpa mchezaji uwezo huo kwa kila wimbo peke yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Pioneer ya Japani ilitoa miksa ya DJM-500 na baadaye DJM-600, ambazo ziliongeza mwangwi na madoido mengine ndani ya kifaa kimoja.

Sababu ya tatu ni mazoea ya soko. Wachezaji walipoanza kusafiri kutoka mji hadi mji, walitaka kukuta kifaa kile kile kila mahali. Wenye vilabu nao wakanunua kile ambacho wageni wao walikuwa wakikidai. Chipukizi alijifunza kwa kifaa alichokikuta klabuni, na alipofungua klabu yake akanunua kama hicho. Vifundo vikabaki kwa wachache.

Sababu ya nne ni kubadilika kwa chanzo cha muziki. Mwaka 2001 Pioneer ilitoa mashine ya CDJ-1000, iliyomwezesha mchezaji kuishika CD kama anavyoishika santuri. Miaka michache baadaye zikaja programu za tarakilishi kama Serato Scratch Live, na baada yake vifaa vinavyounganisha miksa na tarakilishi kuwa kitu kimoja.

Hata mashine mashuhuri ya kuchezea santuri, Technics SL-1200 iliyoanza kuuzwa 1972, ilisimamishwa 2010 kabla ya kurejeshwa 2016.

HALI YA KISII NA NYAMIRA

Soko la miksa za Bozak na UREI lilikuwa vilabu vikubwa vya ng'ambo, wala si miji ya kadiri yetu. Kwa hivyo swali lenye maana kwa msomaji wa Gusii ni kwa nini kifaa cha aina hiyo hakingeweza kukita mizizi katika vilima hivi hata kama kingeletwa.

Jibu la kwanza ni kwamba kazi ya mcheza santuri wa huku ni ya kuhamahama. Ijumaa yuko kwenye baa, Jumapili yuko kwenye harusi, na katikati ya juma huenda akaitwa kwenye mazishi, mchango wa karo au mkutano wa siasa.

Waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato ni wengi katika kaunti hizi mbili, na kwa kuwa Jumamosi ni siku yao ya ibada, harusi zao nyingi husukumwa hadi Jumapili. Mwenye mitambo hupanga kalenda yake akilizingatia hilo.

Katika hafla kama hizo, vipaza sauti ni muhimu kuliko ustadi wa kuunganisha nyimbo. Mchungaji anahitaji chake, kwaya inahitaji vitatu au vinne, na msemaji wa familia hawezi kunyimwa. Kifaa kinachofaa ni miksa yenye matundu mengi ya vipaza sauti, nafasi ya kuchomeka kadi ya nyimbo na, ikiwezekana, amplifaya ndani yake. Miksa ya disko yenye vifundo viwili vikuu vya santuri haiwezi kuimudu kazi hiyo.

Jibu la pili ni umeme. Kwa miaka mingi nyaya za umeme zilifuata barabara kuu na masoko, huku maboma ya ndani yakibaki gizani. Mamlaka ya Usambazaji Umeme Mashambani ilianza kazi baada ya Sheria ya Kawi ya 2006, na mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma ukafuata 2015. Kabla ya hapo, sherehe nyingi za mashambani zilitegemea jenereta au betri ya gari, na kifaa chepesi kinachotumia umeme kidogo kilikuwa na faida kubwa.

Jibu la tatu ni radi. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na miinuko. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara kwa mara. Mitambo iliyoachwa kwenye soketi alasiri ya mvua inaweza kuharibika kwa mpigo mmoja.

Mtu anayejua kwamba mtambo wake unaweza kuungua msimu ujao hawezi kutumia akiba ya miaka kununua kifaa kimoja cha thamani. Hununua cha bei nafuu ambacho vipuri vyake vinapatikana, na ambacho fundi wa mjini amekwisha kukifungua mara kadhaa.

Kuna kinaya katika jambo hili. Kitelezi kina mwanya ulio wazi, na vumbi la barabara za murram huingia humo hadi sauti ikaanza kukwaruza na kukatika. Kifundo kimezibwa zaidi, kwa hivyo kingeyavumilia mazingira haya vyema. Hata hivyo, kitelezi kilishinda kwa kuwa ndicho kilichouzwa, kilichofundishwa na kilichojulikana kwa mafundi.

Jibu la nne ni saa za kazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliweka saa za baa za kawaida kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku katika siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Kabla yake, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zilikuwa zimeweka mipaka ya sauti karibu na makazi. Mtindo wa Paradise Garage wa kuujenga usiku polepole hadi alfajiri haukuwa na nafasi katika ratiba hiyo.

SANTURI, KANDA, KADI

Muziki wenyewe pia ulibadilisha chombo chake. Nyimbo za benga za Kenya za miaka ya 1970 zilitolewa kwa wingi katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kwa kuwa upande mmoja haukutosha wimbo mzima, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule.

Mwenye mashine moja alilazimika kuigeuza santuri wakati wachezaji wamekwisha kupata moto. Mwenye mashine mbili, nakala mbili na miksa angeweza kuziunganisha sehemu hizo pasipo mtu kuketi. Hapo ndipo miksa ingekuwa na faida dhahiri kwa muziki wetu.

Fursa hiyo ilipita upesi. Kanda zilienea katika miaka ya 1980, na kwa kuwa mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili, uharamia uliwapokonya wasanii mapato. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya santuri nchini ilikuwa imedidimia. Bila santuri mpya, mashine za kuzichezea na miksa za kuziunganisha zilikosa kazi.

Baada ya kanda zikaja CD, kisha diski za video. Makundi ya Nairobi kama Homeboyz na CodeRed yalikuza mtindo wa michanganyiko ambayo nakala zake zilisikika katika matatu za kila upande wa nchi. Sasa nyimbo hubebwa katika simu na kadi ndogo kuliko ukucha. Vituo vya redio vya lugha ya Ekegusii kama Egesa FM na Minto FM vimeziwezesha nyimbo za nyumbani kusikika kila siku bila mtu kumiliki mtambo wowote isipokuwa redio.

VIFUNDO VYARUDI, KWA WACHACHE

Miksa za vifundo hazijafa kabisa. Katika miaka ya karibuni watengenezaji wadogo wamezifufua, wakiwemo E&S wa Ufaransa, MasterSounds wa Uingereza na Condesa wa Australia. Miksa za zamani za Bozak na UREI zilizotunzwa vyema huuzwa kwa maelfu ya dola.

Wanunuzi ni wapenzi wa sauti, kumbi ndogo za kusikilizia muziki na wachezaji wa nyimbo ndefu za taratibu. Kilichokuwa kifaa cha kazi sasa ni kitu cha kuenziwa.

Abagusii wana mfano wa karibu zaidi. Obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye mlio mzito wa kunguruma, lilikuwa moyo wa sherehe kabla ya gitaa na redio. Liliondoka katika sherehe za kawaida kwa sababu mazingira yake yalibadilika: makanisa yalikemea ngoma na pombe zilizoandamana nalo, gitaa likawa rahisi kubebwa, na spika zikawa na kelele kuliko ngozi na mbao.

Leo obokano husikika katika tamasha za muziki na mikononi mwa wasanii wachache kama vile Grandmaster Masese. Halikushindwa kwa ubaya wa sauti yake, sawa na miksa za vifundo.

KINACHOWEZA KUPOTEA

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo inayopaswa kutushughulisha. Miksa ikitoweka, muziki unaweza kuchezwa kwa kifaa kingine. Mashine ya kuchezea santuri au kanda ikitoweka, nyimbo zilizomo ndani yake hubaki bubu.

Nyimbo za Ekegusii za enzi ya santuri na kanda, zikiwemo za marehemu Christopher Monyoncho aliyevuma kwa benga ya Gusii, zimesambaa katika masanduku ya watu binafsi. Baadhi zimewekwa kwenye intaneti. Ambazo hazijawekwa hutegemea kanda ambayo utepe wake huota ukungu katika hali ya unyevu kama ya Kisii, na santuri ambayo hupinda ikiachwa karibu na joto.

Mwenye hazina kama hiyo hahitaji mtambo wa gharama kubwa kuiokoa. Mashine moja nzima ya kuchezea, waya wa kuiunganisha na tarakilishi na programu ya kurekodia vinatosha. Santuri isafishwe kwa kitambaa laini kabla ya kuchezwa, na isimamishwe wima kama kitabu badala ya kurundikwa. Kanda ipelekwe mbele na kurudishwa nyuma mara moja kabla ya kunakiliwa, ili utepe ulegee.

Nakala iandikwe jina la msanii, jina la wimbo, mwaka ikiwa unajulikana, na nambari iliyo kwenye kibandiko. Nambari hiyo mara nyingi ndiyo njia pekee ya kujua santuri ilitoka lini na kwa nani. Pia ikumbukwe kwamba kunakili ili kuhifadhi si ruhusa ya kuuza: haki za msanii hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na warithi wake wanastahili kuulizwa.

Idara za utamaduni za serikali za kaunti hizi mbili na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, ni mahali panapofaa kuwa na ghala la pamoja la nakala hizo. Kazi hiyo inahitaji chumba kikavu, mashine chache zinazofanya kazi na fundi anayejua kuzitengeneza.

Fundi huyo ndiye adimu kuliko vyote. Waliojifunza kutengeneza mashine za santuri na redio za kaseti wengi wao sasa ni wazee, na maarifa yao hayamo katika kitabu chochote cha shule. Kijana anayeendesha mitambo ya harusi wikendi angefaidika kwa kuketi na mzee wa aina hiyo alasiri moja, akajifunza kubadilisha mkanda wa mpira na sindano ya santuri wakati bado yuko mtu wa kumwonyesha.